Maepo ya Mjomba

Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, ukarudi Machi. Wakubwa wakisema ni hitilafu ya laini ya chini ya bahari itokayo Bara. Kwetu sisi watoto, kukatika umeme ilikuwa ni kubeba madumu ya maji, maana pampu zilizimika pamoja na taa. Friji ya nyumbani ikageuka kabati la vyombo.

Katikati ya giza hilo mjomba akashuka bandarini na boksi la maepo. Nasema maepo makusudi. Ukisema matufaha, kwetu mtu atafikiria yale ya uani, mekundu, ya majimaji, na hayo ni tunda jengine kabisa. Haya yalitoka Afrika Kusini kupitia Dar es Salaam, kilo 18 na ushei. Tuliyahesabu: 113. Yalikuwa ya kupambia masinia ya harusi ya dada, na harusi ilikuwa bado wiki tano.

"Yatafika haya?" Bibi akauliza.

"Yatafika, mama. Kule wanachuma Oktoba, wanakula mpaka Pasaka, wala hawayatii kwenye friji."

Mjomba alikaa miaka Kent, Uingereza, akichuma matunda, na tangu arudi kila jambo lilikuwa na namna ya Kent. Akatukalisha mkekani na rundo la magazeti. Kila epo likaguliwe: lenye jeraha au alama ya kidole, kando, liliwe leo. Zima lifungwe peke yake kwenye gazeti, lipangwe lisigusane na mwenzake, na kila siku chache mtu apite kutoa lililoharibika lisije likaambukiza mengine.

"Kumbe kama samaki," Bibi akasema.

Yakapelekwa ghala la chini, ambako kuta ni mawe na chokaa, nene kama urefu wa mkono wangu. Mchana wa kaskazi pale ndipo palipokuwa na nafuu. Ndipo pia Bibi alipoweka nazi, kuni, na mikungu miwili ya ndizi mbichi. Siku zile ndizi za nazi tulizila takriban kila siku, chakula kisichodai friji.

Siku ya nne au ya tano Bibi akateremka na kandili kukata chane. Nikasikia ukelele.

"Nani kanivundikia ndizi zangu?"

Mikungu yote miwili njano, mpaka ndizi za mwisho kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiingia ghalani, kwa hiyo kesi ikawa yangu. Nikaapa: sikufunika gunia, sikutia moshi, sikugusa. Hakuniamini. Jioni nzima nilitumwa kugawa ndizi mbivu kwa majirani, nyumba hadi nyumba gizani, na kila mlango naulizwa mna shughuli gani.

Ilipita miaka ndipo mwalimu wa baiolojia akatutajia etilini, gesi inayotoka kwenye tunda linaloiva na kuyahimiza ya jirani yaive. Epo huitoa kwa wingi. Kumbe tulikuwa tumemfungia Bibi ndizi zake chumba kimoja na maepo mia na ushei. Nilicheka darasani peke yangu.

Maepo nayo yaliharibika, ila polepole. Wiki ya pili ngozi zilianza kunyauka. Ukiuma, unga mtupu. Mjomba hakuwa mwongo. Maepo ya Kent ya kuweka ni ya msimu wa mwisho, kama yale makali ya kupikia waitayo Bramley, na yanalala bandani kwenye baridi ya nyuzi chache tu juu ya sifuri. Yetu, kwao Afrika Kusini, huchumwa kati ya Februari na Mei, kwa hiyo yalikuwa yameshakaa miezi kwenye vyumba vya baridi kabla hatujayaona, kisha tukayaleta kwenye Januari ya Unguja. Mjomba alirudi na gazeti, baridi akaiacha Kent.

Harusini yalifika 31. Shangazi aliyapanga upande ulionyauka ukilalia sinia, akajazia maembe. Mjomba siku ile alikaa na wanaume barazani, hakuyataja.

Bibi alikuja kuniamini baadaye, nilipomweleza habari ya ile gesi. Hakusema samahani. Lakini mwezi uliofuata, ndizi zake zilipokuwa ngumu na wageni wako njiani, alinipa pesa.

"Nenda Darajani, mjukuu wangu. Niletee epo moja."