Suruali ya hoki na kifandugu: neno kwa akina dada wanaoanza ukubwani

Mtu mzima anayejifunza hoki ya barafuni huanguka chali. Watoto nao huanguka, tena kuliko sisi, lakini wao wako karibu na sakafu na magoti yao yamekunjika muda wote. Mtoto akidondoka anakaa kitako, anainuka, anaendelea. Sisi tunasimama wima kwa woga, uzito unarudi kwenye visigino, na chuma cha kiatu cha hoki kimechongwa kwa mviringo mbele na nyuma, kwa hiyo ukiegemea nyuma kidogo tu kinakuponyoka. Miguu inatangulia, mgongo unabaki, na kinachopokea kishindo ni kifandugu, ule mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo. Barafu ya viwanja vya ndani ina unene wa kama sentimita tatu, na chini yake ni zege.

Mimi naishi Winnipeg na nacheza na kundi la wanawake wanaoanza, katika uwanja wa kituo cha jamii mtaani kwetu. Riziki yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Kifandugu kikiumia siwezi kumgeuza mzee kitandani, siwezi kukaa garini kutoka nyumba moja hadi nyingine, na siku nisiyofanya kazi silipwi. Ndiyo maana suala hili la suruali, yenye pedi ya kukikinga, nalishikilia sana. Naona wenzangu wakimaliza pesa kwenye viatu na fimbo, halafu suruali inanunuliwa kwa chenji iliyobaki. Kofia ya hoki hapa Kanada ina alama ya CSA ya kukuhakikishia kwamba imepimwa. Suruali haina alama ya namna hiyo. Ni mikono yako na macho yako.

Jirani yangu Mama Furaha, mzaliwa wa Goma, aliumia akiwa hata hajaanza hoki. Wakati wa baridi mto hapa huganda na watu huenda kuteleza pale The Forks. Alikwenda na binti yake, amevaa suruali ya jinzi na koti refu, akaanguka kitako. Yeye ni fundi cherehani katika kiwanda cha makoti, kazi ya kukaa zamu nzima. Kwa wiki kadhaa alishona akiwa ameegemea upande mmoja, juu ya mto uliokatwa tundu kwa nyuma, na kila akiinuka kitini alishika meza kwa mikono miwili. Daktari alimweleza kwamba kifandugu ni vifupa vidogo vilivyoungana mwishoni mwa uti wa mgongo na hakifungwi plasta. Dawa yake ni barafu ya kukanda, vidonge vya maumivu, mto wa kukalia, na subira. Kikivunjika, subira hiyo inaweza kufika miezi miwili au mitatu. Na sisi wanawake huumia hapo zaidi ya wanaume, kwa sababu nyonga zetu ni pana na kifandugu kimejitokeza zaidi kwa nyuma. (Ukianguka halafu ukahisi ganzi sehemu za siri, au mkojo ukakataa kutoka, usingoje kesho. Nenda hospitali hapo hapo.)

Alipopona akasema anataka kucheza, kwa sababu binti yake anacheza na yeye amechoka kukaa jukwaani akitetemeka. Tukaenda kwenye duka la mitumba ya vifaa vya michezo. Nashukuru nilikwenda naye yeye hasa, maana jicho la fundi linaona yale ambayo mimi nilikuwa nayapapasa tu.

Mimi nilishika suruali nikaiangalia kwa nje. Yeye aliigeuza ndani nje kabla hata ya kutazama bei. Suruali ya hoki, kwa ambaye hajaishika, ni kaptura kubwa ya nailoni inayofika magotini, yenye pedi za mapaja, za nyonga, za figo kwa juu, na moja katikati ya makalio. Hiyo ya katikati ndiyo tuliyoifuata. Aliibana kwa dole gumba, akaiachia, akahesabu kimoyomoyo. Kwenye suruali ya kwanza alama ya dole ilibaki pale pale.

"Dada, hii sponji ilishakufa. Ona, haiko inarudi."

Ya pili ilikuwa na plastiki ngumu ndani ya sponji. Akaikunja taratibu sikioni, ikatoa sauti ya kukwaruza. Plastiki ilikuwa imepasuka ndani na kwa nje huoni chochote. Ya tatu ilikuwa nzuri kwa kila kitu, ila pedi ilikuwa imeshonwa kwa juu tu, na uzi wa pembeni umekatika, kwa hiyo ilikuwa inacheza kushoto na kulia ndani ya bitana. Ile aliiweka kando akasema ya kushona anaiweza yeye, tuitazame tena mwisho.

Pedi za kifandugu, kwa nilivyoziona, ziko za aina tatu. Suruali za bei ya chini kabisa huwa na kipande cha sponji bapa kilichoshonwa kati ya vitambaa viwili. Ni laini ukigusa na ndiyo inayowadanganya wengi. Ukianguka kwa uzito wa mtu mzima, sponji laini inaisha yote, inakuwa karatasi, na mfupa unakutana na zege. Aina ya pili ina sponji ngumu zaidi, wakati mwingine tabaka mbili, ngumu nje na laini ndani. Hiyo inatosha kwa wengi wetu tunaocheza polepole. Ya tatu ina bamba la plastiki lililofinyangwa kwa kupinda, na sponji chini yake. Bamba hilo hufanya kazi ya kata ya mbeba maji: halilali juu ya utosi wa mfupa, linaegemea pembeni, kwenye nyama ya makalio, na pale katikati panabaki na nafasi. Kishindo hakipotei, kinagawanywa. Ndicho unachokitafuta, na hakihitaji uwe na suruali ya bei ya juu kuliko zote dukani. Mpya ya kawaida unaweza kuipata chini ya dola 100 za Kanada na zile za juu hupita 200, lakini pesa nyingi ya hizo za juu imeingia kwenye wepesi na kwenye pedi za mapaja za kuzuia paki, kile kisahani kigumu kinachopigwa kwa fimbo, kinapokuja kwa kasi. Anayeanza hahitaji wepesi huo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nalisema kwa kila mtu anayeniuliza. Pedi nzuri iliyokaa mahali pasipo pake ni sawa na kutovaa pedi. Nimewaona akina dada wenye suruali za bei kubwa za Bauer na CCM, kampuni za vifaa vya hoki, zimewazidi kiuno, zinashuka wakikimbia, na pedi ya kifandugu imelala kwenye mapaja kwa nyuma. Suruali ya hoki haivaliwi kama jinzi chini ya nyonga. Inapanda mpaka kiunoni hasa, juu ya mifupa ya nyonga, mkanda unakazwa, kamba za mbele zinafungwa, na mwisho wake wa chini unafunika sehemu ya juu ya pedi ya goti ukiwa umesimama.

Kwa hiyo mle dukani usijipime ukiwa umesimama mbele ya kioo. Kunja magoti, inama mbele kidogo kama unavyokaa barafuni, fimbo mkononi kama wanakuruhusu. Peleka mkono nyuma, utafute kifandugu chako kupitia kitambaa. Pedi iwe imekipita kwa vidole kadhaa juu na chini. Kama ukiinama pedi inavutwa juu na kifandugu kinachungulia chini yake, suruali ni fupi au imebana makalio. Kama ukitikisika pedi inahamia upande, imekuzidi. Halafu fanya alichofanya Mama Furaha bila aibu, katikati ya duka, wateja wakipita: kaa chini sakafuni. Siyo polepole kama unayeketi mkekani, jiachie kidogo mwishoni. Yumba kushoto na kulia. Unatakiwa uhisi sakafu kwa eneo pana la makalio yote mawili. Ukiihisi kwenye nukta moja katikati, irudishe, hata kama bei ni ya kutupa.

Tulipofika hapo ndipo tuligundua kwamba suruali karibu zote alizozijaribu zilikuwa za kiume. Zilizomtosha nyonga zilimpwaya kiuno, zilizomkaa kiuno zilimbana nyonga na kuvuta pedi juu. Kampuni kubwa hutengeneza pia suruali za wanawake, zenye nyonga pana na kiuno chembamba, ila kwenye mitumba ni adimu, maana wanaozipata hawaziachi. Inaniuma kwamba mwili unaoumia zaidi ndio unaowekewa chaguo dogo zaidi rafuni. Ulizeni. Muuzaji akisikia swali hilo kila wiki ataagiza.

Kwa aliyekosa ya kike kuna mikanda ya mabegani. Suruali nyingi zina vifungo kwa ndani ya kiuno au mahali pa kuvishona, na mkanda wa mabegani unaizuia isishuke hata kama kiuno kinapwaya. Wazee wengi wa hoki hapa huitumia bado, na mimi naipenda kuliko kukaza mkanda wa tumbo hadi kupumua kunakuwa kazi.

Kuna njia nyingine, kaptura ya ndani ya kubana ambayo pedi zote zimeshonwa humo, halafu unavaa ganda jepesi la nailoni juu. Kwa mtu aliyekwisha kuumia kifandugu, hii ndiyo ningeitazama kwanza, kwa sababu pedi zimeshikana na mwili na hazihami. Ubaya wake ni joto, na kuivaa na kuivua ni kazi, hasa mkiwa wengi katika chumba kidogo. Mpangilio huo una historia ya kuvutia: timu ya Philadelphia Flyers ilicheza msimu wa 1981–82 na uliofuata ikiwa na pedi za ndani za namna hiyo na suruali ndefu juu yake hadi kwenye vifundo, na Hartford Whalers wakaiga. Nailoni ile ndefu ilikuwa inateleza mno, mchezaji akianguka hakuna kinachompunguza kasi mpaka ubao wa pembeni, na mtindo ukaondoka katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Pedi za ndani zimebaki, ganda limerudi kuwa fupi.

Wengine hunishauri kaptura za pedi wanazovaa wacheza densi ya barafuni, zivaliwe chini ya suruali ya hoki. Sipingi, lakini jaribu zote mbili kwa pamoja dukani. Ile ya ndani ikisukuma ya nje, pedi ya nje inahama, na umelipa mara mbili.

Mama Furaha aliichukua ile ya tatu. Alipofika nyumbani alifumua bitana, akaisogeza pedi chini kwa upana wa vidole viwili ikakaa sawasawa na mwili wake, akaishona pande zote kwa uzi mnene wa kiwandani, kisha akapunguza kiuno kwa nyuma kwa mikunjo miwili. Hakugusa plastiki wala kuitoboa, na wewe usiitoboe, kwani tundu la sindano nene ndipo ufa unapoanzia. Siku ya mazoezi alianguka kabla hatujamaliza kupasha mwili. Kocha alimfuata haraka. Yeye alikuwa ameshapiga goti moja anainuka, akaniambia, "Dada, nimesikia kishindo, sikusikia mfupa."

Ukishapata yako, ianike. Usiiache kwenye begi usiku kucha na jasho lake, na usiitie kwenye mashine ya kukaushia nguo, joto linaua sponji na kupinda plastiki. Itundike ikiwa imegeuzwa ndani nje. Na kila msimu unapoanza, rudia kuibana kwa dole gumba.

Jambo la mwisho ni kwa tulio huku tunaotuma vifaa nyumbani. Nairobi ina uwanja wake wa barafu pale hoteli ya Panari, Mombasa Road, mdogo kuliko wa kawaida, na hapo ndipo ilipokulia Kenya Ice Lions, timu iliyokuja hapa Kanada mwaka 2018 na kucheza pamoja na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Wachezaji wetu wametegemea sana vifaa vya msaada, na anayepewa hachagui saizi. Kabla hujatia suruali kwenye boksi, igeuze. Bana pedi ya kifandugu, kunja plastiki ukiisikiliza, vuta uzi wa pembeni. Ilishakufa, itupe, usiwatumie. Iliyo hai iandikie kiuno na urefu kwenye kipande cha tepu, ifungie mikanda yake ya mabegani ndani, na kama unayo ya kike, hiyo iweke juu kabisa.