Nilivyofungua makala yangu ya mikoko bila kulipa

Makala yangu ya mikoko ya Tudor ilitoka kwa jarida la nje na watu wa hapa Mombasa wakawa hawawezi kuisoma. Mwanafunzi mmoja akanitumia meseji, "Dokta naomba PDF, naambiwa nilipie." Jarida lilitaka zaidi ya dola 3000 ndio iwe wazi kwa wote, na hela hiyo kwetu ni mafuta ya boti na posho za vijana wanaohesabu miche, haiwezekani kabisa.

Nikaingia Sherpa Romeo (siku hizi inaitwa Open Policy Finder), tovuti ambayo unaangalia kila jarida linaruhusu nini, nikakuta langu linakubali mwandishi aweke ile nakala iliyopita kwa wahakiki, kabla jarida halijaipanga kurasa, kwa hifadhi ya chuo ya mtandaoni mwaka ukishapita. Basi nikasubiri, mkutubi wetu akaipandisha siku ile ile (watu wa maktaba hawasifiwi vya kutosha wallahi), baadaye Google Scholar, ile Google ya kutafutia makala za utafiti, ikaanza kuonyesha linki ya bure.

Sasa je, kufungua makala kunaongeza saitesheni, yaani kunukuliwa na watafiti wengine? Hapo wanabishana miaka. Mwaka 2018 Piwowar na wenzake walikuta makala za wazi zinanukuliwa asilimia 18 zaidi ya wastani, lakini 2008 Philip Davis na wenzake walifanya jaribio lenyewe, makala zikachaguliwa kwa bahati nasibu zifunguliwe, zikapakuliwa sana lakini ndani ya mwaka wa kwanza hazikunukuliwa kuliko zile zilizofungwa. Mimi naona inaingia akilini, wengi wanaonukuu wako vyuo ambavyo vishalipia majarida, halafu wenye pesa za kufungua makala mara nyingi ndio wenye miradi mikubwa ambayo ingenukuliwa tu. Yangu imenukuliwa zaidi tangu ifunguliwe ila siwezi kuapa ni kwa sababu hiyo.

Wasomaji ndio nina hakika nao. Mzee mmoja wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, upande wa Mikindani alisomewa na mwanawe kwa simu, akanipigia, "Mwanangu, haya mumeandika ya ukataji ni kweli, lakini miche huku kwetu yafa kwa maji taka, njooni muone." Tukaenda. Simu ile haihesabiki popote kama saitesheni, na ndiyo imetupa utafiti mpya, saa hii tunapima maji pamoja nao na ikikamilika tunaipeleka Western Indian Ocean Journal of Marine Science, ambalo liko wazi tayari, mzee aisome siku inatoka.