Dawa za Parkinson za baba, tulichojionea
Jamani wenye mgonjwa wa Parkinson nyumbani (ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka na mwili kukakamaa) ngoja niwaambie ya kwetu. Baba alianzishiwa pramipeksoli, hii inafanya kama dopamini kwenye ubongo (kemikali inayosaidia mwili kujongea vizuri, ndo inayowapungukia wagonjwa hawa), mkono ukatulia kiasi ila usingizi ukawa unamkamata katikati ya maongezi, kijiko bado kiko mkononi, na baadae akaanza kamari, mtu ambae hajawahi kubeti maisha yake yote! Tulimsema sana, inaniuma mpaka leo, kumbe ni dawa. Daktari akaipunguza taratibu (msiikatishe ghafla tafadhali) akamwekea levodopa na kabidopa, levodopa ndo inageuka dopamini yenyewe na kabidopa inaizuia isigeuke kabla haijafika kichwani. Siku alipofunga vifungo vya shati mwenyewe nililia. Nayo ina yake lakini, miaka ilivyoenda dozi ikawa inaisha nguvu kabla ya saa ya nyingine na mwili unajinyonganyonga wenyewe, halafu akiimeza na chakula chenye protini nyingi haishiki vizuri, kwa hiyo tunampa nusu saa kabla ya kula. Kwa umri wake levodopa ndo imembeba zaidi, kwa kweli.