Tulivyochagua banda la chuma la kufumulia Land Rover

Pikapu tuliyotaka kuifumua, Land Rover Series III ile ya 109 (inchi kutoka ekseli hadi ekseli), ina urefu wa mita 4.4 na upana usiofika mita 1.7. Kwa vipimo hivyo banda la mita 4 kwa 6 linaonekana kutosha kabisa. Ndilo alilotuandikia muuzaji wa kwanza, na bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote tatu tulizopokea. Kaka yangu alikuwa tayari kulipa malipo ya awali. Tulikuwa tumemwomba ushauri mzee mmoja, fundi wa bodi aliyefufua malori tangu ujana wake. Aliisoma karatasi ile ya bei hadi mwisho, akairudisha mezani.

"Wanangu, hili ni banda la kulaza gari. Nyie mnataka banda la kulifumua."

Akatutoa uani na vigingi, kamba na chokaa. Tukachora gari chini kwa ukubwa wake halisi, kisha akaanza kulifumua kwa mdomo huku sisi tukichora mahali pa kila kipande: madigadi, boneti, milango, paa la kabini, bodi ya nyuma, ekseli mbili, injini na giaboksi. Series III imefungwa kwa bolti karibu kila mahali, na ikishafumuliwa yote inakula sakafu mara mbili hadi tatu ya ilivyokuwa nzima. Kila upande wa chasisi panahitajika mita 1.2, la sivyo aliyechuchumaa na grenda hana pa kurudi nyuma. Mbele ziachwe mita 2 tupu, maana winchi ya injini, kreni ndogo ya magurudumu, huingia na miguu yake kutokea huko na kurudi na mzigo. Nyuma mita 2 nyingine za bodi na kabini. Ongeza benchi la sentimita 60 ukuta mmoja na rafu za upana huohuo ukuta wa pili. Upana ukafika mita 5.3, urefu mita 8.4. Tukaandika mita 6 kwa 9, kwa sababu vipimo vya wauzaji huwa vya nje, na fremu hula nafasi ndani. Kwenye mabanda ya paipu uliza pia kama urefu uliotajwa ni wa paa au wa fremu. Mara nyingi paa huandikwa refu zaidi kwa sentimita 30 hivi.

Kimo ndicho kilicholiua kabisa lile banda la bei ya chini. Ukuta wake ulikuwa wa mita 2.4. Mlango wa chuma wa kujikunja huchukua sentimita 40 hadi 50 juu ya uwazi kwa ajili ya rola yake, hivyo pangebaki mita 2 tu za kupita, na gari lenyewe lina mita 2 na kidogo. Tulipandisha ukuta hadi mita 3, mlango ukawa na uwazi wa mita 2.5 kwenda juu na mita 3 upana. Mkono wa winchi ukinyanyuliwa kutoa injini juu ya chasisi nao hupita mita 2.3 bila shida. Anayetaka lifti ya nguzo mbili aanzie mita 3.6. Sisi hatukuihitaji; chasisi yenye umbo la ngazi ikishavuliwa bodi inakaa vizuri juu ya stendi nne.

Karatasi ya pili ilikuwa ya banda la nusu duara, mabati mazito yaliyopindwa na kufungwa kwa bolti bila fremu. Ni imara kwa upepo na watu wachache wanaweza kulisimamisha. Lakini ukuta umepinda: benchi na rafu haviegemei popote, na katika upana wa mita 6 pembezoni huwezi kusimama wima. Kwa kuhifadhi mazao au trekta ningelichukua bila kusita.

Ya tatu ndiyo tuliyoishughulikia: fremu za paipu za mraba zenye zinki, zinazoletwa zimekatwa tayari. Unene wa chuma cha paipu huwa milimita 2 au milimita 2.7, na kwa macho huwezi kutofautisha. Pima mdomo wa paipu kwa kalipa. Tulichukua ile nene. Kwa urefu wa mita 9, fremu kila mita 1.5 zinakuwa 7. Tuliomba zisogezwe hadi mita 1.125 ziwe 9. Fremu mbili za ziada zilitugharimu kidogo kuliko mlango, na bati la ukutani likaacha kuchezacheza. Hata hivyo fremu za aina hii hazibebi injini. Injini na giaboksi vikitoka pamoja ni zaidi ya kilo 250, na paipu ya paa imepigiwa hesabu ya mabati na upepo tu. Mzigo ubebwe na winchi ya magurudumu au fremu yenye miguu yake yenyewe sakafuni.

Mabati ya paa tulitaka migongo ishuke kutoka kofia, bati la kileleni mwa paa, hadi ukingoni. Muundo wa bei ya chini hulaza migongo kwa urefu wa banda, maji na majani yakatulia kwenye mabonde, na kutu huanzia hapo. Unene tuliotaka ni milimita 0.4, zinki gramu 275 kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Lile la kwanza lilikuwa la milimita 0.25.

Kisha mzee akauliza swali ambalo hakuna muuzaji aliyelitaja: "Umande mtaufanyaje?"

Hapa ndipo gari hili lilipoamua banda. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, lakini chasisi yake ni boksi la chuma linalooza kutokea ndani, na pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini huliwa ikawa unga mweupe. Sasa fikiria bati tupu usiku usio na mawingu, linapoa kuliko hewa iliyo chini yake. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande ikigusa kitu cha nyuzi 21. Bati likipoa nyuzi 4 tu linaanza kutona. Chasisi uliyoipiga msasa jana jioni ikang'aa, asubuhi ina madoa ya kahawia chini ya kila mstari wa skrubu, na rangi ya kwanza ukiipaka juu ya hayo itavimba.

Tulichagua mabati yaliyobandikwa kitambaa maalumu kiwandani upande wa chini. Hunyonya umande usiku na kuuachia mchana, mradi hewa inatembea: matundu chini ya kuta na uwazi wenye wavu chini ya kofia. Sentimita chache za mwisho za kitambaa, upande wa ukingoni, lazima zipakwe vanishi, la sivyo zitafyonza maji ya mvua kurudi ndani. Sponji na karatasi za kung'aa za kubandika chini ya bati tulizikataa kwa sababu ya cheche za grenda.

Unyevu mwingine hutoka chini. Chini ya jamvi la zege tulitandika nailoni nene ya milimita 0.2, maungio yakipishana sentimita 30. Jamvi lilikuwa la sentimita 12, likiongezeka hadi 30 pembezoni, na wavu wa nondo katikati ya unene. Zege lilikuwa mita za ujazo 6.5, bila kuhesabu unene wa ziada wa pembezoni. Tulilikata vipande sita vya mita 3 kwa 3, kina cha sentimita 3, kabla siku haijaisha. Ukichelewa zege huchagua lenyewe pa kupasukia. Likamwagiliwa wiki nzima. Mteremko ulikuwa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea mlangoni, kwa hiyo unyoofu wa chasisi hupimwa kwa kamba iliyonyooshwa kwa pima maji, kamwe si kutoka sakafuni. Na ukingo wote wa jamvi, isipokuwa mlangoni, uachiwe ngazi ya sentimita 4 ili bati la ukuta lishuke chini ya usawa wa sakafu. Bila ngazi hiyo mvua inayoteremka ukutani inaingia ndani, na hakuna silikoni itakayoizuia kwa muda mrefu.

Upepo wa mita 30 kwa sekunde husukuma kwa karibu kilo 55 kwa kila mita ya mraba. Paa la mita 54 za mraba linaweza kuvutwa juu kwa takriban tani 3, na banda zima halifiki tani 2. Mlango ukiwa wazi hali ni mbaya zaidi. Kwa hiyo kila nguzo ilipata bolti ya milimita 12, kina cha sentimita 10, umbali wa sentimita 10 kutoka ukingoni, na pande zote mbili za mlango zikapata mbili mbili.

Kwenye orodha tuliondoa madirisha, rangi ya nje na mlango wa pili. Tukabakiza mabati manne ya kupitisha mwanga, ukuta wa upande mmoja badala ya paani, kwa sababu mwanga unaopita kiubavu ndio unaoonyesha mabonde kwenye bodi. Kaka aliandika upya orodha yote na kumpelekea muuzaji wa tatu, akataka bolti, kofia, vifuniko vya kona, usafirishaji na ufundi wa kusimamisha viandikwe kila kimoja na bei yake. Vitatu kati ya hivyo havikuwemo kwenye karatasi ya mwanzo. Bei ilipanda, ikabaki chini ya ile ya nusu duara, na kaka akalipa malipo ya awali siku jamvi lilipomwagwa.