Caligula: mtoto aliyejifunza kunyamaza

Nimemrudia Caligula, kaizari wa Roma ya kale, tena jioni hii, na kinachonishika si vituko vya utawala wake. Ni ile miaka 6 ya kisiwani Capri, ambako hakulalamika hata mara moja.

Alizaliwa Antium, Italia, tarehe 31 Agosti mwaka 12 BK, jina lake Gaius. "Caligula", yaani kijiatu, alibandikwa na askari wa baba yake, Germanicus, kwenye kambi za mto Rhine, kwa sababu alivalishwa sare ya kijeshi ya kitoto, viatu na vyote. Jeshi zima lilimdekeza. Utoto wake haukuanza vibaya, ulikuja kubomolewa.

Oktoba mwaka 19 baba alifariki Antiokia, na familia ikaamini amelishwa sumu. Gaius alikuwa na miaka 7, naye alikuwa amesafiri na wazazi huko mashariki. Mwaka 29 ikawa zamu ya mama yake, Agrippina, aliyehamishiwa kisiwa cha Pandateria, na kaka yake mkubwa, Nero (si yule kaizari wa baadaye), aliyepelekwa Pontia akafia huko mwaka 31. Drusus, kaka wa pili, alifungiwa chini ya jumba la kifalme Roma, akanyimwa chakula hadi akatafuna vilivyojazwa kwenye godoro lake. Alikufa mwaka 33, na mama akafa mwaka huohuo.

Haya yote yalifanyika chini ya kaizari Tiberius, ndugu wa babu yake Gaius, na ni Tiberius huyohuyo aliyemwita Gaius akaishi naye Capri kuanzia mwaka 31. Suetonius, mwandishi wa Kirumi wa maisha ya makaizari, anaeleza kwamba watu walimchokonoa kwa kila hila ili aseme neno moja la uchungu juu ya ndugu zake. Hakusema. Mwanahistoria Tacitus anaongeza kwamba Tiberius akiamka na hali fulani, kijana naye huvaa hali hiyohiyo. Kwangu hii ndiyo shule iliyomfinyanga: kila siku kumchekea aliyewamaliza watu wako, huku ukijua kwamba damu moja haikulindi.

Alipotawazwa Machi 37, akiwa na miaka 24, alivuka bahari iliyochafuka akaleta majivu ya mama na Nero, akayaweka katika kaburi la Augustus, kaizari wa kwanza. Siamini yalikuwa maigizo matupu. Lakini haukupita muda mrefu akamwangamiza Gemellus, mjukuu wa Tiberius ambaye yeye Caligula alikuwa amemfanya mwanawe, kisha akamlazimisha Macro, mkuu wa walinzi aliyemsaidia kupanda, ajiue. Aliye karibu ndiye hatari: hilo alilisoma Capri.

Hata hivyo, dada zake walipoteza wazazi na kaka walewale. Yeye peke yake ndiye aliyekabidhiwa majeshi na hazina ya sestasi (sarafu za Kirumi) bilioni 2.7, bila mtu wa kumwambia hapana. Pia tumsome kwa tahadhari, kwa kuwa Suetonius aliandika miaka 80 hivi baadaye, na sehemu ya Tacitus kuhusu utawala huu imepotea.

Aliuawa tarehe 24 Januari 41. Mmoja wa waliompiga panga, Cassius Chaerea, alikuwa ofisa mwenye umri mkubwa aliyedhihakiwa na Caligula kila alipokuja kuchukua neno la siri la zamu. Mwaka 14, askari wa Rhine walipoasi, Chaerea alikuwa kijana aliyejikatia njia kwa upanga katikati yao. Katika jeshi hilohilo, wakati huohuo, alikuwamo mtoto wa miaka 2 mwenye viatu vya kiaskari.