Gharama za Farasi Wakati wa Baridi Huanzia kwenye Mizani

Kila majira ya baridi yanapokaribia, wafugaji wa farasi ninaofahamiana nao huulizana swali lile lile: robota la nyasi kavu linauzwaje mwaka huu? Si swali baya, lakini kwa maoni yangu halipaswi kuwa la kwanza, kwa sababu robota si kipimo. Liko robota la kilo 15 na liko la kilo 20, na yote mawili hufungwa kwa kamba za aina moja, hupakiwa kwenye lori moja na mara nyingi huuzwa kwa bei moja. Mwenye kuhitaji kilo 2,000 atatosheka na marobota 100 ya uzito mkubwa, lakini akiletewa yale mepesi atahitaji zaidi ya 130, na huenda asilitambue hilo mpaka ghala limekuwa tupu na theluji bado imetanda nje. Kwa hiyo mimi hupima kwanza marobota kadhaa ya mzigo, nikatafuta wastani wake, ndipo nikaanza kuzungumza bei. Muuzaji asiyependa kuona mizani, mimi humwachia nyasi zake.

Hizo kilo 2,000 nazo hazikutoka hewani. Farasi aliyekomaa asiye na kazi nzito huhitaji kwa siku chakula kikavu cha takribani asilimia 2 ya uzito wa mwili wake. Kwa farasi wa kilo 500 hiyo ni kilo 10, na kwa kuwa nyasi kavu hubaki na unyevu kidogo, hapana budi kumwekea kama kilo 11. Mahali ambapo malisho hayaoti kwa miezi 6, hesabu hiyo hukaribia tani 2 kwa farasi mmoja, kabla hatujagusa zitakazoota ukungu ghalani na zitakazokanyagwa. Kushuka chini ya asilimia 1.5 hakumwokoi mtu na gharama yoyote, kwani tumbo la farasi hutoa asidi wakati wote, awe anakula au hali, na mnyama anayeachwa na hori tupu usiku kucha hujiweka katika hatari ya kupata vidonda vya tumbo, au huanza kutafuna mbao za banda lake.

Wengi hukisia uzito wa farasi kwa macho, na macho hukosea kwa makumi ya kilo, hasa manyoya ya baridi yakishakuwa marefu. Kwa kuwa si kila mtu ana mizani ya kumsimamisha farasi, hutumika kanda ya kupimia: unapima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Mzunguko unauzidisha kwa wenyewe, jibu unalizidisha kwa urefu, halafu unagawanya kwa 11,880. Farasi mwenye mzunguko wa sentimita 185 na urefu wa sentimita 170 atakuwa na kama kilo 490. Kanda hiyo hiyo ikirudiwa kila baada ya wiki mbili itakuonyesha mapema kwamba farasi anakonda chini ya manyoya, jambo ambalo mkono unaopapasa mbavu nao hulijua, lakini jicho hulichelewa.

Baridi yenyewe huongeza hesabu, ingawa si kwa namna wengi wanavyodhani. Farasi mwenye manyoya kamili ya msimu, mkavu na aliyenona vya kutosha, huvumilia baridi ya nyuzi kadhaa chini ya sifuri bila kuhitaji chakula cha ziada. Akinyeshewa, au akiwa amenyolewa manyoya, uvumilivu huo huisha mapema, hata kwenye nyuzi 5 juu ya sifuri. Chini ya kiwango anachokimudu, kila nyuzi moja ya selisiasi huongeza mahitaji yake ya nishati kwa takribani asilimia 2, kwa hiyo wiki yenye baridi iliyoshuka nyuzi 10 chini ya kiwango hicho humdai mfugaji kama kilo 2 za nyasi zaidi kwa farasi kila siku. Hapo ndipo watu hukimbilia shayiri na mahindi, kwa imani kwamba nafaka humtia mnyama joto. Nafaka ina nishati nyingi, sawa, lakini sehemu kubwa yake humeng'enywa katika utumbo mwembamba bila kutoa joto jingi, ilhali nyasi huchachushwa na vijidudu katika utumbo mpana, na uchachushaji huo ndio unaompasha farasi moto kwa saa nyingi baada ya kula. Robota la ziada usiku wa baridi kali ni dawa bora kuliko ndoo ya nafaka, na ukuta wa kuzuia upepo na paa la kuzuia mvua hushinda vyote viwili, kwa kuwa hujengwa mara moja na hauli.

Upotevu ndio unaonikera kuliko bei. Nyasi zikimwagwa chini kwenye tope, farasi huchagua majani laini, hukojolea mashina na kulalia yanayobaki, na kwa marobota makubwa ya mviringo yasiyowekewa kizuizi chochote, zaidi ya nusu ya mzigo inaweza kuishia kuwa samadi kabla ya kupita mdomoni. Wavu wenye matundu madogo, au hori lenye vyuma vinavyomzuia farasi kuingiza kichwa chote, huirudisha gharama yake ndani ya msimu mmoja, na tena humfanya ale polepole, jambo ambalo tumbo lake linalihitaji. Ghalani nako, marobota ya safu ya chini yakigusa sakafu hunyonya unyevu, kwa hiyo yanahitaji kuinuliwa juu ya mbao zenye nafasi ya kupitisha hewa. Mzigo unapofika, mimi hupenyeza mkono katikati ya robota mpaka kwenye kiwiko. Likiwa baridi, kavu na lenye harufu ya majani, linaingia. Likiwa na uvuguvugu, au vumbi jeupe likiruka kamba inapokatwa, linarudi lilikotoka, hata kama bei yake inavutia, kwa sababu nyasi zilizofungwa zikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 huota ukungu unaoharibu mapafu ya farasi, na zikiwa mbichi zaidi ya hapo huweza kujipasha moto zenyewe mpaka ghala likaungua.

Kuhusu malalo, hapo ndipo wengi huanza kupunguza, na ndipo ninapotofautiana nao. Farasi husinzia akiwa amesimama, lakini usingizi wake mzito hauji mpaka alale chini, na hatalala kwenye sakafu ngumu, yenye maji na inayomchubua viungo. Mabua ya ngano ni rahisi na yana joto, ila hayanyonyi sana, hujaza toroli upesi, na farasi mlafi huyala kama chakula. Maranda ya mbao hunyonya vizuri zaidi na hufagiliwa kwa urahisi, mradi yasiwe na mti wa jozi nyeusi, maana hata kiasi kidogo cha maranda yake huweza kuwasha uvimbe mkali ndani ya kwato. Chembe za mbao zilizoshindiliwa huonekana ghali mfuko kwa mfuko, lakini hunyonya mkojo mwingi, nawe hutoa sehemu ndogo tu iliyolowa. Mikeka ya mpira chini ya malalo hupunguza kiasi kinachohitajika, ingawa haiondoi haja ya malalo. Mpira hauna uwezo wa kunyonya mkojo.

Iko pia njia ya kuacha malalo yajikusanye msimu mzima, ukiokota mavi kila siku na kuongeza tabaka kavu juu. Ikisimamiwa vizuri huokoa mabua na kazi, na chini huzalisha joto. Ikizembewa, harufu kali ya amonia hupanda, na ukitaka kuijua usiinuse ukiwa umesimama mlangoni. Chutama mpaka pua yako iwe pale inapokuwa pua ya farasi aliyelala. Kama macho yanakuwasha, yeye amevuta hewa hiyo usiku kucha.

Kuna na gharama ambayo haimo katika bei ya mfuko wowote, nayo ni ya kuondoa uchafu. Farasi mmoja hutoa takribani kilo 25 za mavi na mkojo kwa siku, yaani zaidi ya tani 4 katika miezi 6, bila malalo yaliyochanganyika nayo. Rundo la mabua huoza mapema na wakulima hulichukua kwa furaha. La maranda hukaa muda mrefu zaidi, na si kila mwenye shamba atalitaka, kwa hiyo kabla ya kuchagua malalo ni vyema kujua kwanza rundo litakwenda wapi.

Maji hayanunuliwi kama nyasi, lakini hulipiwa yakikosekana. Majani mabichi ya malishoni huwa na maji kama asilimia 80, ilhali nyasi kavu zina asilimia 10 hadi 15 tu, kwa hiyo farasi aliyekuwa akinywa kidogo wakati wa kiangazi sasa anahitaji lita 25 hadi 45 kwa siku, wakati ambapo ndoo ina barafu na hamu ya kunywa imepungua. Asipokunywa, chakula hukwama utumbuni, na daktari wa mifugo huitwa usiku. Maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo katika chakula humfanya anywe zaidi.

Farasi mzee ana hesabu yake. Ukiona chini ya hori vidonge vya nyasi vilivyotafunwa nusu na kutemwa, meno hayasagi tena, na kumwongezea nyasi ni kuongeza vidonge. Huyo anahitaji kukaguliwa meno, kisha alishwe nyasi zilizosagwa na kulowekwa.

Jambo la mwisho ni tarehe ya kumaliza. Ghala halipaswi kupangiwa kuisha siku theluji inapoyeyuka, kwa kuwa ardhi huwa tope na majani huchelewa, na hata yakiota, farasi hazoeshwi malisho mabichi kwa siku moja bali kwa wiki mbili au zaidi, akiendelea kula nyasi kavu. Mimi huongeza akiba ya mwezi mmoja juu ya hesabu yote na kuinunua mapema, wakati nyasi zinavunwa. Ikibaki ikiwa kavu na safi, huliwa ya kwanza msimu unaofuata.