Miguu ya Fukuda na pale palipobaki peupe

Mwaka juzi mteja mmoja alinirudishia kadi ya mwaliko wa harusi niliyomsanifia, akaweka kidole juu ya sehemu isiyokuwa na maandishi wala maua, akaniuliza: "Kaka yangu, mbona hapa pamebaki peupe? Mimi nimelipia karatasi nzima." Sikuwa na jibu. Nilipajaza maua, nikaongeza njiwa wawili na pete, naye akaondoka ameridhika, huku mimi nikiionea haya kazi ya mikono yangu mwenyewe.

Jibu nililolikosa siku ile nilikuja kulikuta katika kazi za Shigeo Fukuda, msanifu michoro wa Japani aliyezaliwa Tokyo mwaka 1932 katika familia ya watengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto, na aliyefariki Januari 2009. Mwaka 1975 alichora bango la maonyesho katika duka kubwa la Keio, na juu yake hakuna kitu kingine cha kutazama isipokuwa miguu. Ukifuata weusi, unaona miguu ya wanaume waliovaa suruali na viatu, imejipanga safu kama ya watu wanaosubiri daladala. Ukiendelea kutazama, jicho linateleza hadi kwenye weupe ulio kati ya suruali moja na nyingine, na hapo unagundua kwamba ule weupe nao ni miguu, ya wanawake, yenye viatu vya visigino virefu. Hakuna mstari uliochorwa kuizunguka miguu hiyo. Mwisho wa mwanamume ndio mwanzo wa mwanamke. Nafasi ambayo mteja wangu angedai ijazwe maua ndiyo iliyobeba nusu ya picha, na wino haujaigusa.

Mwaka huohuo alichora bango lililompa jina kubwa zaidi, Victory 1945, likashinda tuzo kuu ya mashindano ya mabango ya Warsaw, nchini Poland, katika mwaka wa 30 tangu vita vikuu vya pili vimalizike. Juu ya rangi ya manjano tupu umelala mshazari mtutu mweusi wa mzinga, na karibu na mdomo wake kuna kombora moja. Mtu anayepita haraka ataona mzinga uliofyatuliwa, basi. Lakini atakayesimama kidogo ataona kwamba ncha ya kombora imeuelekea mdomo wa mtutu, kwa maana kwamba halitoki bali linarudi lilikotoka, kumfuata aliyelifyatua. Wengi wetu tukiambiwa tuchore amani tungekimbilia njiwa na tawi la mzeituni (nimekwisha kukiri habari za njiwa zangu), au tungemwaga damu na kuchora mtoto analia. Fukuda, ambaye vita vilipomalizika alikuwa mvulana wa miaka 13, aliligeuza kombora tu. Ni badiliko dogo kiasi kwamba ningeweza kulifanya kwenye kompyuta yangu kwa kubofya mara moja, na hapo ndipo ninapoupima ubunifu wake, kwa sababu ugumu haukuwa katika kuchora bali katika kujua ni kitu gani kimoja cha kugeuzwa, na kisha kujizuia usiguse kingine.

Alifanya pia sanamu. Inayotajwa zaidi ni ile ya mwaka 1987 aliyoiunda kwa kuunganisha uma, visu na vijiko 848. Ukiitazama yenyewe ni rundo la vyombo vya mezani lisiloeleweka, ila taa ikiwashwa mahali pake, kivuli kinachoanguka chini ni cha pikipiki kamili. Naiheshimu, ingawa nakiri kwamba hainigusi kama mabango yale, kwani pale nahisi jasho la fundi kabla sijacheka. Kilichonichekesha moja kwa moja ni mlango wa nyumba yake: mgeni aliuona mlango kwa mbali, akausogelea, kumbe haukuwa mbali, bali ulikuwa mfupi wa futi 4 hivi, na wala haukuwa wa kuingilia. Mlango wa kuingilia wenyewe ulikuwa mweupe, umefichwa ndani ya ukuta mweupe. Hata nyumbani kwake, pa kupitia palikuwa pale panapoonekana hapana kitu.

Picha ya bango la miguu niliichapa na kuibandika ukutani nyuma ya meza ninayopokelea wateja. Miezi michache baadaye mama yule wa kadi alirudi kwa ajili ya tangazo la biashara yake ya mapambo, na wakati nikitafuta faili lake nilimsikia akihesabu kwa sauti ya chini, akasita, akaanza upya, kisha akanyamaza. Akauliza ile miguu myeupe nimeichora kwa rangi gani. Nikamwambia haikuchorwa, ni karatasi yenyewe. Nilipomwonyesha rasimu ya tangazo lake, jina la biashara likiwa limekaa peke yake katikati ya weupe, aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Haya, pabaki hivyo hivyo," akasema. "Lakini namba ya simu iongeze ukubwa."